Grupu ya imeili ya walimu imetuumiza, niifunge au niirekebishe?

mwalimu_tororo

Habari zenu walimu wenzangu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo na sijalala vizuri tangu Jumatano.

Nafundisha Kiswahili na kompyuta kwenye sekondari moja ya binafsi huku Tororo. Mwaka juzi hedimasta aliniita akasema nitengeneze anwani moja ya imeili ambayo akiandika barua inawafikia walimu wote, badala ya sekretari kuchapa karatasi halafu mtoto mmoja azunguke nayo darasa kwa darasa na kitabu cha kusaini. Nikatengeneza kwenye Google Groups, nikaingiza anwani za watu, tukawa 58, ikafanya kazi vizuri tu. Ratiba za zamu, tarehe za UNEB (baraza la mitihani la Uganda), fomu za alama za muhula, zote zilipita humo na hakuna aliyelalamika.

Sasa Jumatano hedimasta katuma tangazo kwamba anayetaka ruhusa muhula ujao aombe mapema. Madamu mmoja akajibu palepale kwenye simu, akidhani anamjibu hedimasta peke yake. Akaeleza hali yake ya ujauzito, daktari kamwambia nini, dawa anazotumia, mpaka mambo ya nyumbani kwake. Ikaenda kwa watu wote 58. Na nilipofungua orodha nikakuta wanne kati yao hawafundishi kwetu tena, mmoja yuko shule ya jirani tangu mwaka jana! Jioni ileile dada wa watu akaulizwa habari zake sokoni. Hajarudi kazini mpaka leo na mimi naona aibu hata kumpigia, kwa sababu yeye alibonyeza kujibu kama mtu yeyote anavyobonyeza, na aliyeipanga ile kitu ni mimi.

Hedimasta anasema tufunge kila kitu turudi kwenye karatasi. Mimi naona tutapoteza mengi, lakini sina cha kumjibu. Kwa hiyo nauliza: kuna namna ya kuzuia hii isitokee tena au grupu zote ziko hivi? Na hawa walioondoka nawatoaje bila ugomvi, maana mmoja ni rafiki yangu na aliniomba nimwache ili apate mitihani ya majaribio.

fundi_jinja

Pole sana ssebo, na huyo madamu pole zaidi. Nashughulikia kompyuta za shule kadhaa huku Jinja mpaka Iganga na hii ajali naikuta kila mwaka, tena shule zenye walimu makini kabisa, kwa hiyo usijione wewe peke yako.

Tuanze na kilichotokea. Ndani ya mipangilio ya grupu kuna sehemu inayouliza majibu yaende wapi. Unaweza kuchagua yaende kwa grupu nzima, au kwa yule aliyeandika, au kwa wasimamizi tu, au anwani nyingine unayotaja mwenyewe. Yako bila shaka imekaa kwenye grupu nzima, ndiyo maana madamu alibonyeza Jibu la kawaida kabisa na barua ikaenda kwa kila mtu. Badilisha leo, iwe kwa aliyeandika. Dakika moja tu.

Lakini usiishie hapo, maana mtu akibonyeza Jibu wote anwani ya grupu inaingia tena na mmerudi palepale. Dawa yenyewe iko kwenye swali la nani anaruhusiwa kutuma. Kwa grupu ya matangazo weka wamiliki na wasimamizi peke yao, hao wawe hedimasta, naibu wake, DOS (mkuu wa taaluma) na sekretari. Mtu mwingine akituma, hata kwa bahati mbaya, grupu inaikataa barua yake na wenzake hawaioni. Hapo hata mtu akikosea saa tano usiku akiwa amechoka, kosa lake linabaki kwake.

Kingine ambacho watu hawajui, ile barua bado iko. Google Groups inahifadhi mazungumzo, na kama umeruhusu wanachama wote kusoma ya zamani, mwalimu atakayeingizwa mwezi ujao anaweza kuifungua na kuisoma kana kwamba imetumwa jana. Ingia kama mmiliki uifute humo leo. Zile zilizokwisha kufika kwenye masanduku ya watu huwezi kuzifikia, hizo itabidi muwaombe watu wafute. Halafu waonyeshe wote pale kwenye mipangilio ya Gmail, kuna muda wa kutengua barua baada ya kutuma, unaweza kuuongeza hadi sekunde 30. Siyo nyingi lakini zimeokoa wengi.

madamu_arua

Mwalimu wa Tororo, mimi ni naibu wa hedimasta huku Arua, nakuandikia kama dada. Fundi amekujibu vizuri ya mashine, mimi niseme ya watu.

Kwanza huyo madamu. Mpigie leo, usingoje upate maneno mazuri. Mwambie umeona kosa liko kwenye mpangilio na siyo kwake, na kwamba umeshaifuta ile barua kwenye hifadhi. Halafu hedimasta mwenyewe awaandikie walimu, mistari miwili mitatu tu, bila kumtaja, kwamba barua ya binafsi ilifika kwa wasiohusika, kila aliyeipata aifute, na atakayeonekana kuisambaza atajibu. Ndugu yangu, mtu akisikia shule imesimama upande wake anarudi kazini. Akisikia kimya anatafuta shule nyingine na mnampoteza mwalimu mzuri kwa kitufe.

La pili ni hawa walioondoka. Mimi hapa sikubaliani na huruma yako hata kidogo, nisamehe. Rafiki yako akitaka mitihani ya majaribio akuombe, umpe kwa mkono, mbona rahisi. Kumwacha kwenye orodha ni sawa na mtu amehama nyumba lakini bado ana ufunguo wa mlango wa mbele, na siku ya siku wenye nyumba wanazungumza mambo yao sebuleni naye amekaa. Sisi tulifanya hivi: kwenye ile fomu ya kukabidhi, ile anayosaini mtu kwa mhasibu, maktaba, stoo na DOS kabla hajalipwa mwisho wake, tuliongeza mstari mmoja wa imeili. Anayesimamia grupu anasaini kwamba ameshamtoa. Hakuna ugomvi kwa sababu siyo wewe unayemtoa rafiki yako, ni fomu, na kila mtu anapita hapohapo hata mimi siku nikiondoka.

Na kila muhula unapofungua, wiki ya kwanza kabla watoto hawajatulia, chapa orodha nzima ukae na sekretari mpitie jina kwa jina mkilinganisha na orodha ya mishahara. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulikuta mwanafunzi wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya ualimu muhula mmoja tu, yuko bado, anapata kila kitu cha kwetu miaka miwili nzima, pamoja na alama za watoto kabla hazijatoka. Sikulala siku hiyo.

mwl_kasese

Mi naona mnajitesa bure. Sisi tuna WhatsApp tu, walimu wote wako humo, tangazo linafika kwa sekunde, imeili nani anafungua jamani? Wengi mpaka paswedi wamesahau.

katibu_gulu

@mwl_kasese kaka, mimi ni sekretari wa shule, naongea kwa ninayoyaona kwenye meza yangu. WhatsApp nzuri kwa "basi limeharibika" au "mkutano umesogezwa saa nane", hapo sikatai hata kidogo. Lakini njoo mwezi wa nane nikuambie nitafutie ile barua ya UNEB iliyotumwa mwezi wa pili. Imezama chini ya salamu za asubuhi, picha za harusi, mchango wa msiba na ubishi wa mpira. Halafu mwalimu akipoteza simu, faili zimekwenda nayo. Na kila aliyemo anaona namba ya simu ya kila mtu, madamu wawili kwetu walishapigiwa simu za ajabu usiku na mtu aliyekuwa ameongezwa humo kwa ajili ya sherehe tu.

Imeili mimi nikitaka kitu cha miaka miwili nyuma naandika neno moja kwenye kutafuta, kinatoka. Mkaguzi akija kutoka wilayani akiuliza mliwajulisha walimu lini, namwonyesha tarehe na saa.

Sasa mwalimu_tororo nikuongezee jambo ambalo limetukuta sisi na liko kwenye habari hizihizi. Grupu yetu ilikuwa wazi, yaani hata mtu wa nje akijua anwani anaweza kutuma na ikafika kwa wote. Siku moja ikaja barua yenye jina la hedimasta wetu kabisa, imeandikwa yuko kwenye kikao hawezi kupokea simu, anaomba mmoja wetu amtumie laki tatu kwenye namba fulani atarudisha jioni. Jina lilikuwa lake, ila anwani chini ukiigusa ilikuwa nyingine kabisa. Mwalimu mmoja kijana, mgeni, anamheshimu mzee, akatuma. Zilikuwa pesa zake za kodi ya nyumba. Tangu siku hiyo tukafunga watu wa nje, na tukakubaliana kwenye kikao kwamba hedimasta haombi pesa kwa imeili hata siku moja, ukiona hivyo piga simu kwanza au tembea mpaka ofisini kwake.

Na tafadhali mkikaa na walimu waambieni kuhusu mafaili. Gmail inakubali kiambatisho hadi MB 25, lakini kukubali na kufaa ni vitu viwili. Kuna mtu alipiga picha kurasa kumi na moja za ratiba kwa simu akatuma kwa wote, kila mmoja wetu akapakua kwa bando lake. Bando lenyewe tangu 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Weka faili kwenye Drive, tuma linki, na ndani ya barua yenyewe andika lile jambo kwa maneno ili asiye na MB asome bila kufungua kitu.

mwl_kasese

Hayo ya namba za simu ni kweli, kwetu pia imetokea. Sawa, nimesikia. Ila bado nauliza, yule ambaye hafungui imeili kabisa mnamfanyaje?

mzee_mbale

Wanangu salamu. Nimestaafu ualimu lakini bado nasoma humu kila jioni.

Swali la kijana wa Kasese ndilo ningependa tukae nalo kidogo. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, mtakumbuka. Sisi tulikuwa na watahiniwa wa UCE (mtihani wa kidato cha nne) ambao mtihani wao ulisogezwa mpaka Machi kwa sababu ya corona, na kulikuwa na mambo mengi ya kupeana habari. Imeili haikuwepo, WhatsApp haikuwepo. Kilichobaki ni simu ya kawaida na ubao wa matangazo pale mlangoni kwa stafrumu, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo huyo hedimasta wa Tororo anayetaka karatasi msimcheke, ana jambo. Kosa ni kudhani lazima mchague kimoja. Barua ikitumwa, nakala moja ibandikwe ubaoni siku hiyohiyo, isipokuwa iwe ya siri.

Na nawaomba mwangalie neno mnalolitumia. Mnasema tangazo liwafikie "wote". Wote ni nani? Askari wa getini yumo? Wapishi? Matroni? Yule mama anayefagia maabara? Shuleni kwangu tuliwahi kubadilisha siku ya wazazi kutembelea watoto, tukatuma imeili kwa "wote", asubuhi ya tarehe ya zamani wazazi wamefika na askari kawafungulia geti kwa sababu yeye hakuna aliyemwambia, na jikoni wamepika cha siku ya kawaida. Hawakuwa na imeili na hakuna aliyewafikiria. Baadaye tukapanga kila tangazo linalowagusa, matroni analisoma kwa Kiswahili jikoni na getini, kwa kuwa askari wetu wawili walitoka jeshini na Kiswahili ndiyo lugha waliyoiamini kuliko zote. Nilifurahi sana kuona hivyo, maana tulikuwa tumezoea kuwaletea maneno ya Kiingereza ambayo wanaitikia tu kwa heshima.

madamu_arua

Mzee asante sana, hili la getini nalichukua.

Mwalimu_tororo, jambo nililosahau jana. Mkianza upya msiwe na grupu moja. Muwe na ya matangazo ambayo walimu wanasoma tu, halafu ndogondogo za idara ambapo watu wanajadiliana, sayansi kwao, lugha kwao. Ukitaka unaweza kuziingiza grupu za idara ndani ya ile kubwa, kwa hiyo mwalimu akihama unamtoa sehemu moja tu. Na ya ruhusa, ugonjwa, mshahara, nidhamu ya mtu, pamoja na habari za mtoto kwa jina lake, hizo zisiguse grupu yoyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Mwonyeshe hedimasta wako hilo, ataelewa kwamba hata karatasi ikizungushwa na mtoto darasa kwa darasa ikiwa na habari za ugonjwa wa mwalimu ni kosa lilelile.

mwalimu_tororo

Jamani nimerudi, siku nne zimepita, niwaambie tulipofika.

Nilimpigia madamu jioni ileile baada ya kusoma hapa. Nililia kidogo, na yeye pia. Alisema kilichomuumiza siyo barua, ni kwamba siku tatu hakuna mtu wa ofisini aliyemwuliza hali. Hedimasta alipoambiwa hivyo alinyamaza kwa muda halafu akachukua gari akaenda kwao na mkewe. Amesema atarudi Jumatatu.

Barua nimeifuta kwenye hifadhi. Majibu sasa yanaenda kwa aliyeandika, na wanaoweza kutuma ni wanne. Nilijaribu mwenyewe kutuma kwa anwani yangu ya kawaida ikanirudia kwamba siruhusiwi, nikafurahi kama mtoto. Watu wa nje nimewafungia. Wanne walioondoka nimewatoa, na rafiki yangu nilimpigia kabla sijamtoa nikamweleza kisa chote bila jina, akasema "ningekuwa mimi nami ningetaka hivyo", yakaisha. Kumbe nilikuwa naogopa kitu ambacho hakipo. Kwa ombi la ruhusa tumeweka anwani nyingine kabisa ambayo wanaisoma hedimasta na naibu wake tu, na kila tangazo sasa linaandikwa mwishoni "mambo yako binafsi andika huku".

Grupu haijafungwa. Ubao umerudi pia mzee, na Ijumaa matroni alisoma ratiba ya wiki jikoni.

Sasa limebaki moja ambalo hedimasta ameniuliza na sikuwa na jibu: grupu hii mmiliki wake ni mimi, kwa Gmail yangu binafsi niliyoifungua chuoni. Nikiugua au nikihama inakuwaje?

fundi_jinja

Hiyo ndiyo ningekuuliza mimi. Usilale nayo. Leo hii mwongeze hedimasta na sekretari kama wamiliki, wawe watatu, hiyo haihitaji pesa wala ruhusa ya mtu. Nimeshaitwa shule ambayo mwalimu wa kompyuta aliondoka kwa hasira, akiwa mmiliki peke yake, tukaanzisha grupu mpya kutoka sifuri na kuwatafuta watu mmojammoja.

Baada ya hapo muanze kufikiria jina la shule lenyewe, la .sc.ug, na akaunti za shule badala ya za mtu binafsi. Google wana huduma ya shule ambayo kiwango chake cha kwanza ni bure kwa shule zinazokubaliwa, mnaomba na kuonyesha kwamba ninyi ni shule kweli. Mnacholipia ni lile jina. Hapo hedimasta akibadilika anwani ya hedimasta inabaki ya ofisi, anayekuja anaikuta na barua zake zote, wala hamfuati mtu Gmail yake ya chuoni.

Ukikwama kwenye kuomba niandikie humu, nitakuelekeza hatua kwa hatua. Na Jumatatu madamu akirudi msalimie.

mwalimu_tororo

Nimeshawaongeza wote wawili sasa hivi. Sekretari amepata barua ya kuthibitisha, anauliza abonyeze wapi. Nakwenda ofisini kwake.